Shahada ya Sanaa: Swali la Nyumba Nyingi za Rhonda

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa Wadi ya Rhonda



Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, swali moja huingia katika nyumba nyingi za mtaa huu. Kijana amepata C+ au zaidi na anataka kusomea historia, fasihi, isimu au sosholojia katika chuo kikuu cha umma. Mzazi anamuuliza, "Ukimaliza utafanya kazi gani?"

Swali hilo si dharau. Mzazi anayetegemea kibarua au kibanda cha mboga hulipa kodi ya nyumba kila mwezi, na miaka minne ni mingi. Anastahili jibu la kweli.

Ukweli wa kwanza ni kwamba Sanaa haina mlango mmoja. Anayesomea uuguzi anajua atakuwa muuguzi. Aliyesomea historia anaweza kuingia katika uanahabari, utawala, utafiti, mashirika ya kijamii au biashara. Lakini hakuna anayemngoja langoni na barua ya kazi. Anapaswa kutoka chuoni na ujuzi unaoonekana: kuandika vizuri, kutafsiri, kuhoji watu, kuchanganua takwimu.

Pia, Shahada ya Sanaa si sawa na Shahada ya Elimu katika masomo ya Sanaa. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari achague Elimu tangu mwanzo, na aangalie alama zake katika masomo mawili atakayofundisha. Aliyesoma Sanaa pekee huhitaji kusomea ualimu baadaye ili asajiliwe na TSC, na hiyo ni karo nyingine.

Ukweli wa pili ni kwamba masomo haya yana kazi hapa nyumbani. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mitaa ya magharibi mwa Nakuru iliona majirani wakiuana na kufurushana. Mwaka huohuo Tume ya Jaji Philip Waki ilisikiliza mashahidi na kuandika yaliyotokea nchini, Nakuru ikiwemo. Kusikiliza pande zote, kupima ushahidi na kutenganisha uvumi na ukweli ndiyo mambo anayofunzwa mwanafunzi wa historia au sosholojia. Mtaa wenye jamii nyingi kama huu unawahitaji watu hao kabla ya fujo kuanza.

Chuo nacho kiko karibu. Egerton, kule Njoro, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Wengi bado wanakijua kwa kilimo, ingawa Sanaa na Sayansi za Jamii pia hufundishwa pale. Mwanafunzi wa Rhonda anaweza kupanda matatu na kulala nyumbani. Hata hivyo, nauli ya kwenda na kurudi ihesabiwe pamoja na karo.

Kwa upande wa fedha, kupangiwa nafasi na KUCCPS si kulipiwa karo. Ombi la ufadhili na mkopo hutumwa kando, na tarehe ya mwisho ikipita, familia hubaki na mzigo. Kijana aliyetimiza miaka 18 achukue kitambulisho mapema. Fedha za HELB ni deni, na hulipwa baada ya masomo. Basari ikipatikana husaidia, lakini isitegemewe kumaliza karo yote.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua kozi, mzazi na kijana waketi na daftari moja. Upande mmoja waandike karo, nauli, chakula na deni. Upande wa pili kijana aandike ujuzi atakaotoka nao na mahali atakapoutafutia kazi. Upande huo ukibaki mtupu, amtafute mwalimu wake au ofisi ya chuo aulize zaidi kabla ya kuamua. Ukijaa, mzazi naye awe na sababu ya kumwachia mwanawe asome anachokipenda.