Waliokuja Kusoma Kwetu
Maneno ya mwalimu mbele ya wakazi wa kambi na wanafunzi wauguzi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni

Kamati imeniomba niseme machache. Mwalimu akiombwa machache, nanyi mnajua huwa inakuwaje, basi nawaomba uvumilivu.

Tangu wageni hawa wafike, maneno yamekuwa mengi kwenye foleni ya maji. Mama mmoja alinisimamisha akaniuliza: "Mwalimu, hawa wanaitwa wauguzi, lakini hawachomi sindano wala hawatoi dawa. Wanahesabu vyoo. Wanauliza maji yanakaa siku ngapi ndani ya dumu. Wamempima mtoto wangu mkono, wameandika, wamekwenda. Ni wauguzi wa namna gani hao?" Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile. Leo nataka kulijibu mbele ya wote, maana najua hakuwa peke yake.

Muuguzi tuliyemzoea hukaa kando ya kitanda. Ana mgonjwa mmoja mbele yake, anampima joto, anambadilishia kidonda. Kazi hiyo ni kubwa na haina mbadala. Lakini iko kazi nyingine ya uuguzi ambayo mgonjwa wake si mtu mmoja, ni watu wote wa mahali. Wenyewe huiita afya ya jamii. Muuguzi wa namna hiyo haulizi tu "mtoto huyu anaumwa nini?" Anauliza "kwa nini watoto wa hangari hii wanaumwa kuliko wa hangari ile?" Ule utepe wa rangi mnaouona unapima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono usiofika milimita 115 unaangukia kwenye nyekundu, na maana yake ni utapiamlo mkali, mtoto apelekwe kutibiwa mara moja. Kuna mtu atasema hilo ni jambo la mtoto na mama yake. Ndiyo, mtoto mmoja akiwa kwenye nyekundu, tutamtazama yeye na nyumba yao. Lakini wakiwa watoto kumi mahali pamoja, hapo hakuna mama wa kulaumiwa. Hapo pana shida ya chakula au ya maji, na bila kuhesabu hakuna atakayeijua.

Ninajua wengine mtasema hesabu haimponyi mtu. Nitawapa mfano, nao sitautoa mbali. Nitautoa Uvira, ambako wengi waliokaa hapa wametoka, wale tuliovuka Kamanyola kuingia Bugarama mwezi Desemba 2025 mapigano yalipofika mjini. Nani wa Uvira asiyekijua kipindupindu? Kivu ya Kusini imeishi nacho tangu miaka ya 1970. Katika kituo cha kutibia kipindupindu pale mjini, wauguzi walikuwa na daftari. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikwa: siku aliyofika, umri, mtaa anaotoka. Hakuna aliyewapigia makofi kwa kuandika. Ni kazi ya kuchosha, usiku, taa haipo, mgonjwa anatapika, nawe unatafuta kalamu. Na upande wa pili wa mji, Regideso nao walikuwa na daftari lao: leo tumesukuma maji kiasi gani kwenye bomba, leo umeme umekatika, leo hatukusukuma kitu.

Madaftari hayo mawili yalikaa miaka bila kukutana. Kisha watafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba za Nchi za Joto cha London, pamoja na watu wa Uvira, wakayalaza juu ya meza moja, ya mwaka 2009 hadi 2014, siku kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wakaona hivi: siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa ilifuatiwa na siku 12 ambazo wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanaweza kuwafanyia hesabu hiyo: pale ambapo wangelazwa wagonjwa 20, walilazwa 51. Na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu ile, nami hulifikiria mara nyingi. Walioumia zaidi maji yalipokatika walikuwa wa mitaa iliyozoea bomba. Mtu wa mtaa usiokuwa na bomba alikuwa na desturi zake, nzuri au mbaya, kila siku zile zile. Aliyezoea bomba, likikauka ghafla, alikimbilia ziwani au mtoni akanywa chochote. Je, sisi hapa si watu waliozoea kitu kikakatika ghafla? Kwa hiyo mgeni akikuuliza maji ya dumu lako yanatoka wapi siku bomba likikauka, usimcheke. Ameshika pale pale panapouma. Kiwango ambacho mashirika duniani yamekubaliana ni walau lita 15 kwa mtu kwa siku. Mjibu ukweli, usiongeze ili upate zaidi, wala usipunguze kwa aibu.

Sasa nageukia wageni wetu, nanyi wafanyakazi wa mashirika. Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba vijana hawa wametoka nchi tajiri kuja nchi inayoendelea ili waone umaskini na wajifunze huruma. Huruma ni kitu chema. Lakini mimi sikubali kwamba ndicho walichokifuata hapa. Wamefuata elimu, na elimu yenyewe ilizaliwa katika mahali kama hapa.

Mwaka 1971, watu kwa mamilioni walikimbia vita vya Bangladesh kuingia India. Katika hospitali ya Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kilikuwa kinaua watu sakafuni. Dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, akaamua kutumia maji yenye chumvi na glukosi ya kunywa, kitu kilichokuwa kimejaribiwa mahospitalini lakini wakubwa wengi hawakuamini kinaweza kutumika mahali pa fujo. Hakuwa na wauguzi wa kutosha. Basi akawapa kikombe ndugu za wagonjwa: mama amnyweshe mwanawe, kaka amnyweshe kaka. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia wagonjwa 30 katika kila 100, vikashuka chini ya 4. Pakiti ile mnayopewa zahanati mtoto akiharisha, babu yake ni kikombe cha Bangaon. Wakimbizi ndio waliothibitisha kwamba inafaa, kwa mikono yao.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kwetu, miaka 23 baadaye, kwenye ziwa hili hili la Kivu. Julai 1994 umati wa Wanyarwanda uliingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia nao. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Waliohesabu walipata vifo 20 hadi 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Na mjue kwamba kifo kimoja tu kwa watu 10,000 kwa siku tayari huitwa hali ya dharura. Wahudumu walifika kutoka pande zote za dunia, wenye nia njema na ndege zilizojaa. Lakini wengi wao hawakuwahi kumwona mgonjwa wa kipindupindu maishani mwao. Waganga waliotoka Dhaka, Bangladesh, wakafika wakaona: dripu zinaingia polepole mno, maji ya kunywa hayatolewi vya kutosha, wagonjwa wanakufa ndani ya vituo vya matibabu. Wakayaandika hayo wazi mwaka 1995. Nchi maskini ndiyo iliyokuja kuwafundisha wengine, maana ndiko walikokuwa wamesoma somo lile kwa miaka mingi.

Basi, wageni wetu, mnaposema mmekuja kusoma afya ya jamii ng'ambo, sisi tunawaelewa. Mmefika shuleni. Na kilima hiki cha Nyarushishi kina historia ya kupokea watu: mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya walionusurika wa Cyangugu walikusanywa hapa hapa. Anayetaka kusoma jinsi watu wanavyoishi wakiwa wengi mahali padogo hakukosea njia.

Lakini shule ina taratibu zake. Nitasema mbili zinazonigusa.

Ya kwanza ni kurudisha majibu. Nilipokuwa bado nyumbani, upande wa pili wa mto, walikuja watu mtaani kwetu wakapima watoto na kuuliza maswali kurasa nzima. Wazazi walikaa juani tangu asubuhi. Hatukusikia tena habari yao. Sitawataja, hawapo hapa kujitetea. Lakini baada ya hapo, wengine walipokuja kuchanja, nyumba kadhaa zilifunga milango. Watu walikuwa wamechoka kuandikwa. Hiyo nayo ni hasara ya afya ya jamii, ingawa haikuandikwa kwenye daftari lolote. Kwa hiyo tunaomba kabla hamjaondoka mtusomee mlichokikuta, kwa Kiswahili, namba na maana yake, hata kama ni kibaya. Msiseme hatutaelewa. Watu wanaogawana maji kwa madumu wanaelewa hesabu.

Ya pili ni kutembea wawili wawili. Rwanda yenyewe ilitupa mfano. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilianza mpango wa miaka saba pamoja na vyuo vikuu vya Marekani, wakaja walimu wa udaktari na wa uuguzi. Serikali haikuwaachia wafundishe halafu waondoke. Ilitaka kila mgeni aunganishwe na mwalimu Mnyarwanda, wafanye kazi bega kwa bega, ili mgeni akiondoka kazi ibaki. Na katika kila umudugudu wa nchi hii wako washauri wa afya waliochaguliwa na majirani zao, wanaume kwa wanawake, wanaojua nyumba ipi ina mjamzito na ipi ina mtoto anayekohoa. Sisi tunaomba jambo dogo kama hilo. Kila mwanafunzi mgeni anayezunguka hangari asizunguke na mkalimani peke yake. Azunguke na kijana wetu mmoja anayejifunza kupima, kuandika na kujumlisha.

Hapo nawageukia ninyi wa mashirika, na hapa sauti yangu itapanda kidogo, mnisamehe. Kati yetu wako wasichana na wavulana waliokuwa katika vyuo vya uuguzi vya Bukavu na Uvira. Wengine walibakiza mwaka mmoja. Leo wanapanga foleni ya sabuni huku wageni wa umri wao wakifanya kwetu somo lile lile waliloliacha nusu. Mimi siwaonei wageni wivu. Wamesafiri kwa haki yao. Ila inauma kuona kitabu kinasomwa na wote isipokuwa wenye nyumba. Najua vikwazo. Vyeti vilibaki au viliungua. Masomo ya kule ni Kifaransa, na shule za Rwanda zilihamia Kiingereza tangu 2008. Ulinganishaji wa diploma unachukua muda, na mtu wa kituo cha muda hajui kesho atapelekwa kambi ipi. Lakini ufadhili wa DAFI wa HCR umekuwa ukisomesha wakimbizi vyuo vikuu tangu 1992, kwa hiyo njia ipo, ingawa nafasi ni chache kuliko wanaoomba. Tunachoomba ni vitu viwili vinavyowezekana mwezi huu: orodha ya waliokuwa wakisoma uuguzi iandikwe, chuo na mwaka waliofikia, na madarasa ya Kiingereza ya jioni yaanze. Hema la shule liko wazi kuanzia saa kumi, mimi nitafundisha bila malipo, nikipata taa.

Wazazi, na ninyi neno moja. Msiwakataze mabinti kuongozana na wageni kwa kudhani ni kuzurura. Wanakwenda kazini. Na mtoto akipimwa, ulizeni palepale: ni rangi gani, ni milimita ngapi? Ni haki yenu kuambiwa kabla utepe haujafunguliwa.

Jumamosi ijayo saa tisa alasiri wanafunzi wauguzi watasoma hesabu zao mbele ya hema la shule, hangari kwa hangari, nao wamekwisha kukubali. Atakayetaka kijana wake aandikwe katika wale wa kutembea wawili wawili, daftari liko kwa katibu wa Kamati. Hadi asubuhi ya leo yalikuwemo majina manne.