Matone ya Mvua Yaliyogeuka Jiwe

Mlioko darasani, fungueni madaftari. Leo tutazungumza habari za mvua. Lakini si mvua ya mwaka huu. Ni mvua iliyonyesha yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, na alama za matone yake zingaliko.

Mahali penyewe ni Laetoli, katika Ngorongoro, kama kilomita 45 kusini ya Bonde la Olduvai. Zamani hizo mlima wa moto ulitoa majivu, yakaanguka kama unga unaochekechwa, tabaka juu ya tabaka. Yakaja manyunyu, kila tone likachimba kishimo. Majivu yale yalikuwa na kitu cha namna ya chokaa, hata yalipolowa na kukauka yakashikana kama saruji. Juu yake walipita kanga, sungura, twiga na tembo. Wakapita pia viumbe waliokwenda wima kwa miguu miwili kama sisi. Majivu mengine yakafunika yote. Nyayo za hao wa miguu miwili zilionekana mwaka 1978, na kundi la Mama Mary Leakey likazifukua.

Mbona hazikufutika? Jaribuni wenyewe. Tandazeni majivu ya jikoni katika sinia, nyunyizeni maji kwa vidole: vishimo hivyo! Sasa mimineni maji ya birika. Majivu yamekwenda zake. Ingalinyesha mvua ya ngurumo siku ile, tusingalijua lolote.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyokula ardhi ya juu hata tabaka la nyayo likatokeza, na yakiachiwa yatalila nalo. Kwa hiyo mwaka 1979 nyayo zilifukiwa tena. Lakini udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga! Miti ikaota, mizizi ikatafuta njia chini. Mwaka 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale na taasisi ya Getty ya Marekani waliiondoa, wakafukia upya.

Wenzetu wa Karatu wenye mashamba ya mteremko wanayajua maji hayo. Ukilima kwa kushuka, kila mfereji wa jembe ni njia yake. Ukilima kwa kukingama, husita, yakanywewa.

Kabla ya somo lijalo, mvua ikikatika, tembeeni shambani. Andikeni sentensi tatu: udongo umetoka wapi, umekwenda wapi, na nini kiliuzuia. Kwaherini.