Waenziwe wangali kazini

Medali ya Linnean Society ya London ilimfikia mtafiti wa samaki Rosemary Lowe-McConnell mwaka 1997, akiwa amevuka miaka 70. Kazi iliyompa heshima hiyo aliianzia kwenye maziwa yetu: Nyasa mwaka 1945, kisha Jinja, Uganda, katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki. Alipima perege mmoja mmoja, akimpasua kuona mayai yamekomaa kiasi gani, akiwafuatilia majike wanaoatamia mayai mdomoni. Kwa subira hiyo aliwatambua perege wa Korogwe na wa Ziwa Jipe, akawapa majina ya kisayansi mwaka 1955.

Alipoolewa mwaka 1953, utumishi wa kikoloni ulimtaka aache kazi, kwa kuwa tu ni mwanamke. Ilikuwa dhuluma, tena hasara kwetu sisi. Hata hivyo samaki hakuwaacha.

Leo wapo watafiti wa taasisi za uvuvi, TAFIRI ya Tanzania na KMFRI ya Kenya, na wa Jinja, wanaoamkia mialoni na mizani zao. Wizara na vyuo vyetu viwaenzi sasa, na tuzo ya kwanza iwe mafuta ya boti na fedha za utafiti.