Mashine ya Kuoshea: ya Umeme au ya Petroli?

Msikilizaji, unatafuta mashine ya presha ya kuoshea gari na baraza? Kwa nyumbani, ya umeme inatosha. Ni nyepesi, na kelele zake majirani watazivumilia. Ya petroli ina nguvu zaidi. Inamfaa fundi mwenye kazi kubwa, mbali na soketi. Lakini moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Usiiwashe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Iwashe nje, mbali na madirisha. Nje, msikilizaji! Na hiyo ya umeme? Vaa viatu vya mpira, waya usilale majini. Usimwelekezee mtu maji ya presha, yanachana ngozi. Yakimpata, hata kidonda kikiwa kidogo, mpeleke hospitali.