Tuzibe Tundu Kabla ya Kubandika Stika

Maneno ya ofisi ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika waliokutana Misima





Wengi mmeliona gari la mradi hapo nje. Mlango mmoja una rangi isiyofanana vizuri na gari zima, wala hauna nembo. Tangu asubuhi tumeulizwa mara tatu kama wafadhili wametukimbia. Hapana, hawajatukimbia. Tunaomba tueleze.

Mwaka jana tuligundua tundu la kutu chini ya mlango huo, dogo kama sarafu. Wageni walikuwa wanakuja baada ya siku nne. Katika bajeti tulikuwa na fungu la stika za nembo, lakini fungu la kunyoosha bodi hatukuwa nalo. Tukasugua juu juu, tukabandika stika kubwa juu ya tundu. Gari likapendeza, picha zikapigwa.

Stika ni ngozi nyembamba ya plastiki. Jua likiwaka hulainika na kubonyea palipo na tundu. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa ndani. Maji ya mvua huingia katika mlango wa gari lolote kupitia pembeni mwa kioo, na hutokea kwenye vijitundu vilivyoachwa chini ya mlango. Vya kwetu vilikuwa vimezibwa na vumbi na matope ya njia za vijijini. Maji yakakaa humo, kutu ikala bati kutoka ndani, nasi hatukuona kitu kwa sababu tulikuwa tumekifunika wenyewe. Masika ilipokwisha, stika ilitoka mapovu. Tulipoibandua ilikuja na rangi pamoja na vipande vya bati. Tundu la sarafu lilikuwa sasa la kiganja.

Fundi alitufundisha utaratibu ambao unafaa hata kwa magari na matrekta yenu.

Kwanza, kutu yote ikatwe na kusuguliwa mpaka lionekane bati zima linalong'aa. Kutu ikibaki kidogo, huendelea kula chini ya rangi.

Pili, kiraka kiwe cha bati lenye unene sawa na la mlango. Kichomelewe nukta kwa nukta, bati likipewa nafasi ya kupoa, kwani bati jembamba likipata moto mwingi hujikunja.

Tatu, puti ipakwe nyembamba kwa ajili ya kusawazisha tu. Puti si ya kuziba tundu. Ikijazwa nene bila bati nyuma yake, hunyonya unyevu na hupasuka mlango unapopigwa kwa nguvu.

Nne, msasa, kisha praima na rangi. Ndani ya mlango nako kupakwe rangi ya kuzuia kutu, na vile vijitundu vya chini vizibuliwe.

Tano, kusubiri. Rangi mbichi huendelea kutoa hewa ya tina. Ukibandika stika mapema, hewa hiyo hukwama na mapovu hurudi. Ndiyo maana mlango wetu hauna nembo hadi leo.

Wapendwa, kuna jambo lingine la kukiri. Katika taarifa yetu ya robo ile tuliandika kwamba gari liko katika hali nzuri. Sentensi hiyo nayo ilikuwa stika. Tunawaomba radhi, ninyi wa sharika na ninyi mnaotuchangia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ambayo ingemchukua fundi siku mbili imelilaza gari gereji wiki mbili, na wiki hizo hatukufika katika vijiji tulivyoahidi. Waliosubiri barabarani si sisi wa ofisini.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kamati za sharika, mnapotuletea taarifa, andikeni kwanza kilichoharibika, kingali kidogo. Hakuna atakayewaaibisha. Marafiki wafadhili, mnapopitisha bajeti ya kitendea kazi, turuhusuni kuweka fungu la matengenezo kando ya fungu la nembo, hata kama ni dogo.

Bwana wetu alitumia mfano wa kiraka, nao tunausoma katika Mathayo sura ya 9: kiraka kisicholingana na nguo huzidisha mpasuko. Aliwajua mafundi, na alitujua sisi.

Nembo zenu zitarudi mlangoni rangi itakapokauka.