Diski inayokufa na namna ya kuokoa yaliyomo

Juma hili makala yanaangazia msiba mdogo unaozikuta nyumba nyingi bila ya kubisha hodi: kompyuta kuukuu ambayo diski yake ngumu imeanza kufa, hali ndani yake mna mambo yasiyopatikana penginepo.

Chukulia mfano wa nyumba moja mjini Muscat. Babu amefariki dunia na ameacha kompyuta aliyoinunua mwaka 2004. Humo ameandika nasaba ya ukoo tangu ulipokuwa Unguja, ameweka picha, na amehifadhi sauti ya marehemu bibi akisimulia utoto wake. Mjukuu anaiwasha. Mashine inakawia kuamka, kisha unasikika mlio wa kugonga: ta, ta, ta. Kioo kinabaki cheusi. Kijana anaizima, anaiwasha tena, mara ya tatu, mara ya nne.

"Iache, mwanangu," anasema shangazi yake. "Usiitese."

Shangazi hakusomea kompyuta, lakini katika chumba kile yeye ndiye aliyesema kweli. Diski nyingi haziuawi na ugonjwa wa kwanza, bali humaliziwa na mikono ya wenyewe wanaotaka kuziokoa.

Sababu imo katika umbile la chombo chenyewe. Kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza ya aina hii mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 na nafasi ya herufi milioni tano tu. Diski za nyumbani zilizofuata zikawa ndogo kama kitabu cha mfukoni, ila kanuni ni ile ile. Ndani mna sahani zilizopakwa tabaka nyembamba la sumaku, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea, kikibebwa na hewa tu. Nafasi iliyopo baina ya kichwa na sahani ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu una unene wa maelfu ya mara kuipita.

Kichwa kikilegea na kuigusa sahani, hukwaruza lile tabaka la sumaku, na penye mkwaruzo hapasomeki tena. Unga unaotoka hapo husambaa na kuharibu kwengine. Kwa hiyo kila diski mbovu inapowashwa, huenda ikapoteza sehemu nyingine ya kumbukumbu zake.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuzima. Ya pili ni kutambua ugonjwa uko wapi. Pengine diski ni nzima na kilichokufa ni kifaa cha umeme au sehemu nyingine ya kompyuta. Ikiwa hakuna mlio wa kugonga wala wa kukwaruza, diski huweza kufunguliwa kwa bisibisi, ikatolewa, na kuunganishwa na kompyuta nzima kwa adapta ya USB. Ni muhimu kuchagua adapta inayolingana nayo, kwani diski za zamani zilitumia waya mpana ulio bapa, na zilizokuja baada ya mwaka 2003 nyingi hutumia waya mwembamba.

Diski ikisomeka vizuri, yaanze kunakiliwa yale yasiyo na badala: sauti, picha, maandishi. Programu zinaweza kupatikana kwengine. Sauti ya bibi haipatikani.

Ikiwa inasomeka kwa kusuasua, dawa ni kuinakili diski nzima, mara moja, kwenye diski nyingine iliyo kubwa zaidi. Ipo programu isiyolipiwa iitwayo GNU ddrescue iliyotungwa kwa kazi hii. Kwanza huchukua sehemu nzima, huziruka zenye kasoro, kisha huzirudia baadaye, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia. Baada ya hapo diski mbovu hupumzishwa, na utafutaji wote hufanywa katika nakala. Huko ndiko zinakofaa programu kama TestDisk na PhotoRec, ambazo hutafuta mafaili hata pale orodha yake ilipoharibika.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Programu ya uokozi isiwekwe ndani ya diski ile ile inayookolewa, kwa kuwa inaweza kuandika juu ya kinachotafutwa. Zana za kurekebisha diski nazo zisitumiwe kabla nakala haijapatikana. Wala diski isitiwe ndani ya friza, kama wengi walivyoshauriana zamani, kwa sababu ikitoka humo hushika unyevu juu ya sahani.

Diski inayogonga isiunganishwe popote. Hiyo ni kazi ya mafundi maalumu, wanaoifungua katika chumba kisicho na vumbi. Gharama yake ni kubwa, lakini maajabu yake yameonekana. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika juu ya Texas na wanaanga wote saba wakafariki. Miongoni mwa mabaki ilipatikana diski iliyoungua, yenye uwezo wa megabaiti 400 hivi, ikiwa na vipimo vya jaribio juu ya gesi ya zenoni. Mafundi hawakukimbilia kuiwasha. Walisafisha sahani zake, wakazihamishia katika kiwiliwili cha diski nyingine, na asilimia 99 hivi ya kumbukumbu ikapatikana. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Physical Review E. Bahati nayo ilisaidia, kwani diski ilijaa nusu tu, na palipochimbika hapakuwa na maandishi.

Si kila nyumba itapata bahati hiyo. Tabaka la sumaku likishakwanguliwa, hakuna fundi wa kulirudisha. Ndiyo maana nakala hufanywa diski ingali nzima: moja nyumbani, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kule Muscat, basi, lililo jema kwa kijana ni kuuchomoa waya wa umeme, kuifunga diski kwa kitambaa laini, na kuiweka pakavu hadi ukoo uchange fedha za fundi. Maadamu haizunguki, haijikwaruzi, na sauti ya bibi huenda ingali imo.