Bei ya Tusi: Kwa Nini Vitabu vya Kale Visisafishwe

Mhadhara wa umma uliotolewa Ijumbi, Muleba, mkoani Kagera



Mada hii imetokana na hoja niliyoisikia katika kikao cha wahariri na walimu wa fasihi. Mwenzetu mmoja, msomi ninayemheshimu, alipendekeza kwamba vitabu vyetu vya kale vikichapishwa upya kwa ajili ya shule, maneno yanayodhalilisha watu yaondolewe na mahali pake yawekwe ya heshima. Tasa aitwe mama asiyejaliwa mtoto. Zeruzeru aitwe mtu mwenye ualbino. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi sikupiga, na leo nimekuja kusema sababu.

Ya Ulaya na Marekani nitayapita haraka, maana yameshaandikwa sana. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa riwaya ya Mark Twain, Huckleberry Finn, akiwa amelifuta tusi la weusi mara zaidi ya 200 na kuweka neno "mtumwa". Mwaka 2023 kampuni ya Puffin ilibadili mamia ya maneno katika vitabu vya watoto vya Roald Dahl, aliyefariki mwaka 1990. Kelele zilipozidi, ikatangaza kwamba matoleo ya asili nayo yataendelea kuuzwa. Linalonisumbua ni kwamba hoja hiyo imetufikia huku kwetu, na hakuna aliyesimama kuuliza tusi linafanya kazi gani ndani ya vitabu vyetu.

Nichukue kitabu ninachokipenda kuliko vyote vilivyotoka ukanda huu wa Ziwa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa kwa juzuu mbili. Mwaka uliofuata akafariki. Mzee aliyesubiri miaka 35 ili maneno yake yafike kwa vijana, leo tunataka kumchagulia yapi yafike!

Na simulizi yenyewe inaanzia wapi? Inaanzia kwenye masimango. Bugonoka hana mtoto, na ndugu za mume wanamsema vibaya mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere, ambaye anampenda mkewe, anawafuata ukweni kuomba. Wanamtoza pombe ya ndizi. Hapo Kitereza hana haraka hata kidogo, na huo ndio ufundi wake: kazi ya kuipata pombe ile anatupitisha ndani yake hatua kwa hatua. Mtu wa Ijumbi hahitaji kuelezwa. Ndizi zinavundikwa hadi ziive, zinamenywa, zinakandwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yanachujwa, unga wa mtama uliokaangwa unatiwa, kisha mtumbwi unafunikwa ulale. Ni jasho la siku kadhaa, na ndiyo bei ya tusi.

Sasa lisafisheni tusi hilo. Ndugu za Myombekere waseme kwa adabu kwamba shemeji yao bado hajajaliwa. Je, baba mkwe anatoza pombe kwa kosa gani? Tayari mmemgeuza mzee mwenye uchungu wa binti yake kuwa mlafi wa pombe. Myombekere naye anahangaika kwa lipi? Mhariri aliyedhani anamtetea Bugonoka amemnyang'anya kesi yake, maana kitabu kimeshamtetea kwa kurasa nyingi, na ushahidi wa kesi ni lile neno baya.

Nilipokuwa mtoto nilishuhudia baraza la wazee likimtoza mzee mmoja rubisi, pombe hiyo hiyo ya ndizi, kwa kumwita mke wa mdogo wake tasa. Kabla kibuyu hakijafunguliwa, aliyeongoza baraza alimtaka mkosaji alirudie neno lake mbele ya watu wote. Mzee akaangalia chini, akasema alimwambia "jambo lisilofaa". Akakataliwa. Mama aliyetukanwa alikuwa ameketi juu ya nyasi, kanga ameivuta hadi kidevuni, anamkazia macho. Neno likatamkwa, safari hii likamwaibisha mwenye kulitamka. Wazee wale hawakuwa na shahada, lakini walijua kwamba kosa lisilotajwa halilipiwi fidia.

Nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, na sitaipuuza. Mwaka 2024, katika wilaya hii hii ya Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao akauawa. Atasimama vipi mtu hapa kulitetea neno zeruzeru? Silitetei. Liondoke kwenye ofisi, kwenye redio, kwenye kinywa cha kila mwalimu. Tangu mwaka 2010 tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na hadhi ya watu hawa si jambo la kujadiliana. Lakini waliomuua mtoto yule hawakupotoshwa na riwaya. Imani kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri inaenezwa na wapiga ramli kwa kunong'onezana gizani. Tukilifuta neno katika vitabu vya zamani, mjukuu wetu atasoma kwamba watu wenye ualbino waliheshimiwa siku zote, kisha ghafla wakaanza kuwindwa. Huo ni uongo, na utawafaa wauaji.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno mwiru, jina la dharau kwa mtu asiye wa ukoo wa kitawala, ambalo bado linawachoma baadhi yenu. Unyarubanja, mfumo uliomfanya mtu alime ardhi ya bwana na kumlipa ushuru, ulifutwa kisheria miaka ya 1960. Ondoa dharau ya mwiru katika simulizi za Buhaya, na hakuna kijana atakayeelewa kwa nini babu yake alilima kibanja, shamba lake la migomba, na bado akamlipa bwana ushuru.

Tena tusisahau kwamba kipimo cha aibu hubadilika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono. Baadaye ikaruhusiwa, ikatahiniwa. Mhariri mwenye mkasi angeiwahi miaka ile, wanafunzi wangetahiniwa kitabu gani?

Nakubali mambo mawili. Mwalimu asimsomeshe kwa sauti ukurasa wa tusi mtoto ambaye tusi hilo linamlenga. Mwalimu ausome mwenyewe, kisha aueleze. Na anayetaka kuwasimulia upya watoto wadogo hadithi ya kale, asimulie, ila jalada libebe jina lake yeye msimulizi.

Kwa wachapishaji nina ombi. Mkimchapa Kitereza upya, mchapeni mzima. Wekeni utangulizi na maelezo chini ya ukurasa yanayosema neno hili lilimuumiza nani na kwa nini hatulitumii tena. Maandishi ya marehemu msiyaguse.